Nani Aanze? Ari ya Mhadhiri na Ari ya Mwanafunzi

Muhula ukifika katikati, malalamiko mawili husikika Kimumu, na mara nyingine husikika ndani ya matatu moja. Wanafunzi waliopanga bedsita mtaani humu ili wawe karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho wengi bado wanakiita Chepkoilel, husema mhadhiri hajali: anaingia amechelewa, anasoma noti zilizogeuka manjano kwa uzee, anafunga kitabu na kuondoka. Wahadhiri nao husema wanafunzi wa siku hizi hawana hamu: mmoja huja kusainia wenzake kumi, waliobaki hungoja noti zirushwe kwenye WhatsApp, na swali pekee linaloulizwa ni iwapo mada fulani itatoka kwenye mtihani. Malalamiko yote mawili yana ukweli ndani yake. Yanapopotoka ni kwamba kila upande huuona ulegevu wa mwenzake kuwa chanzo, na wake kuwa matokeo tu. Makala haya yanashikilia jambo moja: ari ya mhadhiri na ari ya mwanafunzi hazikai mbalimbali, kila moja ikiwa na mwenyewe. Kila mmoja huisoma ari ya mwenzake kwa vitendo vidogo anavyoviona, kisha hujipimia ya kwake kulingana na alichokisoma. Ikiwa ndivyo, kuuliza nani mwenye makosa hakutusaidii sana. La maana ni nani anaweza kuanza wiki hii, na aanze na nini.

Ushahidi wa jambo hili si mgeni. Mwaka wa 1971 mtafiti Mmarekani Susan Klein alichapisha jaribio lililofanywa katika madarasa ya chuo. Wanafunzi walipatana naye mapema kwamba katika sehemu fulani ya kipindi wangemwonyesha mhadhiri mgeni usikivu na kumkubali, na katika sehemu nyingine wangeonyesha kuchoshwa. Mwenendo wa wahadhiri ulifuata wa wanafunzi: walichangamka walipochangamkiwa, na walipopuuzwa ubaridi ukawaingia. Mwaka wa 1993 Ellen Skinner na Michael Belmont waliwafuatilia watoto wa shule ya msingi pamoja na walimu wao tangu mwanzo wa mwaka wa masomo hadi mwisho, wakakuta mkondo unaokwenda pande zote mbili. Mwalimu aliyejihusisha na watoto aliwaamsha. Lakini pia mtoto aliyeanza mwaka akiwa mchangamfu aliishia kupata muda na msaada zaidi wa mwalimu, na aliyezubaa alipata mchache, jambo lililomzidishia kuzubaa. Hao walikuwa watoto wanaokaa na mwalimu mmoja kutwa nzima. Mhadhiri wa chuo hukutana na darasa lake saa chache tu kwa wiki, kwa hiyo kila ishara anayoipata au kuitoa katika saa hizo ina uzito mkubwa zaidi.

Jaribio linalostahili kufikiriwa zaidi ni la Cameron Wild na wenzake, la mwaka wa 1992, ambapo watu walifundishwa kupiga piano. Somo lilikuwa lile lile, limepangwa hatua kwa hatua ili lisitofautiane. Tofauti ilikuwa moja: baadhi ya wanafunzi waliambiwa mwalimu analipwa kwa kazi hiyo, na wengine waliambiwa amejitolea. Walioamini kwamba amejitolea walilifurahia somo zaidi, na baadaye walikuwa na hamu zaidi ya kuijaribu piano wenyewe. Mwalimu hakubadilika, kilichobadilika ni kile mwanafunzi alichoamini kuhusu sababu ya mwalimu kuwa pale. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kenya ambaye kila mara anasoma gazetini kwamba wahadhiri wake wanadai mishahara, halafu anamwona mmoja wao akiingia darasani bila kueleza hata mara moja kwa nini alichagua kusomea udongo, au isimu, au uhasibu. Pengo hilo mwanafunzi atalijaza mwenyewe, na atalijaza na lile lililo karibu zaidi: huyu yuko hapa kwa sababu hana pengine pa kwenda. Mhadhiri naye, anapoziona safu tatu za mbele zikiwa tupu na vichwa vya nyuma vimeinamia simu, hujaza pengo lake vivyo hivyo. Watafiti wa Kanada wakiongozwa na Luc Pelletier walionyesha mwaka wa 2002 kwamba mwalimu anayebanwa na wakubwa wake kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine anawaona wanafunzi wake hawana ari, huipoteza ari yake mwenyewe na kuanza kufundisha kwa amri na vitisho. Anayefundishwa kwa vitisho hujifunza kukwepa, na kukwepa kwake humthibitishia mwalimu kwamba vitisho vilihitajika.

Historia ya vyuo vyetu inaonyesha pia mkondo huo ukienda upande mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioungana katika chama cha USARF walianzisha madarasa yao wenyewe ya siku ya Jumapili. Hayakuwa na alama, mtihani wala cheti. Walisoma, wakabishana, na miongoni mwa wahadhiri walioshiriki alikuwepo Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Mwaka wa 1972 Rodney alipochapisha kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, aliwashukuru katika dibaji Karim Hirji na Henry Mapolu kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Hirji alikuwa mmoja wa vijana walioendesha jarida la wanafunzi, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka wa 1970. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Rodney alikuwa mwalimu wa aina ya pekee aliyewawasha wanafunzi wake. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba alifundisha mahali ambapo vijana walikuwa tayari kusoma maandishi yake mstari kwa mstari na kumwambia wapi hoja imelegea. Mwandishi yeyote anajua thamani ya msomaji wa namna hiyo, na mhadhiri ambaye hajawahi kumpata hawezi kulaumiwa sana akiacha kuandika.

Hapa Eldoret tunao mfano ulio karibu zaidi, na faida yake ni kwamba hautegemei mtu mmoja mwenye kipaji. Skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi ilipoanza kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikuchukua utaratibu wa kukaa miaka miwili ya kwanza kwenye mihadhara mitupu. Ilijengwa juu ya vikundi vidogo vinavyopewa kisa cha mgonjwa na kuachiwa viulize: tunajua nini, hatujui nini, nani akatafute lipi kabla ya kikao kijacho? Mhadhiri hukaa na kikundi, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Sambamba na hilo uliwekwa mpango wa COBES, unaowapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashinani, wakaichunguze jamii, waandike pendekezo la utafiti, kisha warudi kuutekeleza. Tazama utaratibu huu unafanya nini kwa ari. Mwanafunzi hawezi kunyamaza muhula mzima, kwa sababu wenzake wanangoja sehemu aliyotumwa kuitafuta. Mhadhiri naye hawezi kusoma noti za zamani, kwa sababu hajui kikundi kitauliza nini. Kila mmoja anamwona mwenzake akifanya kazi. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu bidii, kwa kuwa mpangilio wenyewe umeifanya ionekane.

Pingamizi la kwanza litakuja haraka, na ni zito. Mtu ambaye hajalipwa anaambiwaje awe na ari? Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, kuanzia 17 Septemba hadi 5 Novemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mwaka mmoja kabla ya hapo, masomo katika Chuo Kikuu cha Moi yalikuwa yamekwama kwa karibu miezi mitatu kwa sababu ya mgomo wa chuo hicho peke yake. Mhadhiri wa muda hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa anaweza kufundisha muhula mzima na malipo yakaja baada ya darasa hilo kufuzu. Sitaki kulipunguza jambo hili hata kidogo. Deni ni deni, na chama cha wahadhiri, UASU, kinapolidai kinafanya kazi yake. Lakini mshahara kulipwa na somo kuwa hai ni mambo mawili, ingawa yanagusana. Kuna wahadhiri wanaolipwa kwa wakati na madarasa yao yamekufa, na kuna wanaodai na madarasa yao yako macho. Ninachopendekeza hapa hakimtaki mhadhiri aongeze saa za kazi ambazo hajalipwa. Kinamtaka azitumie kwa namna nyingine zile saa ambazo tayari yuko darasani, na sababu yake ya kwanza ni maslahi yake mwenyewe: darasa lililokufa humchosha anayelifundisha kuliko mtu mwingine yeyote.

Kipindi cha kwanza baada ya mgomo kinastahili kuangaliwa peke yake, kwa maana hapo ndipo mihula mingi huharibikia. Mwanafunzi anarudi na hasira: kodi ya nyumba Kimumu imelipwa kwa miezi ambayo hakusoma, mkopo wa HELB umekwisha kwenye unga na tokeni za stima, na tarehe ya kufuzu imesogea. Mhadhiri anarudi na hasira pia, akiwa ameahidiwa malipo kwa awamu. Wote wawili wanaingia chumbani, na kwa kawaida hakuna anayesema neno. Mhadhiri anafungua mada ya nne na kuanza kuikimbiza silabasi. Ushauri wangu ni kutenga dakika kumi na tano za mwanzo. Mhadhiri aseme waziwazi mgomo ulihusu nini na umeishaje, bila kuomba huruma wala radhi. Kisha aandike ubaoni mada zilizosalia na wiki zilizosalia, na darasa liamue pamoja naye zipi zitafundishwa kwa kina, zipi zitasomwa nyumbani kwa mwongozo, na zipi hazitaingia kwenye mtihani. Kama mhadhiri hayuko tayari kuanzisha mazungumzo hayo, mwakilishi wa darasa amwendee siku moja kabla na kumwomba, akiwa na orodha hiyo tayari mkononi. Kufundisha mada sita vizuri baada ya mgomo kuna faida kuliko kuzipitia kumi mbiombio, na silabasi iliyopunguzwa kwa makubaliano haizai chuki kama ile iliyokimbizwa.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Chuo Kikuu cha Moi kilianza mwaka wa 1984 na wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Leo kozi moja ya lazima kwa wote inaweza kujaza ukumbi na kumwagikia nje madirishani, na mtu atauliza ni kikundi kidogo gani kitakachoundwa hapo. Swali ni la haki, lakini jibu lipo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka wa 1991 kufanya hivi katika madarasa makubwa: anafundisha kwa dakika chache, anauliza swali moja lenye majibu manne, kila mtu anajibu peke yake, kisha kila mmoja anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanajibu tena. Kazi hii haihitaji mashine; vidole vinatosha, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vikiinuliwa kwa pamoja mbele ya kifua ili asiwepo wa kuigiza. Mwaka wa 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta kwamba mwanafunzi wa darasa la mihadhara mitupu alikuwa na uwezekano wa kuanguka mara moja na nusu ya yule wa darasa linalomshirikisha. Na katika ukumbi wa watu mia tatu, mhadhiri anayeiona mikono mia tatu ikiinuka amepata jambo ambalo kimya hakikuwahi kumpa: anajua somo limefika wapi.

Hata hivyo, nionye. Utafiti mwingine wa Harvard, wa Louis Deslauriers na wenzake mwaka wa 2019, ulikuta kwamba wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi lakini walihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara mtamu hupita kwa ulaini na kumwachia msikilizaji hisia ya kuelewa. Kubishana na jirani kunachosha na kunamfunulia mtu asichokijua. Kwa hiyo mhadhiri anayejaribu njia hii kwa mara ya kwanza atakutana na minong'ono: mbona hatufundishi, mbona anatuachia kazi yake? Wengi hukata tamaa hapo, wakaamua kwamba wanafunzi wetu hawataki. Njia ni kuwaeleza mapema, wiki ya kwanza, kwamba watahisi ugumu na kwa nini. Mwanafunzi naye ajue kwamba kuchoka baada ya kipindi si dalili ya kufundishwa vibaya.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wahadhiri wenyewe: nusu ya darasa haikuchagua kozi hii. Shirika la KUCCPS, linalogawa nafasi za vyuo, limewapanga kulingana na alama na nafasi, na aliyetaka uuguzi yuko kwenye shahada ya ualimu. Mfumo wa ufadhili uliozinduliwa 2023, wenye makundi yake ya uwezo wa familia, umeongeza wasiwasi wa karo juu ya wasiwasi wa kozi. Wanafunzi hawa wanataka karatasi tu, wahadhiri husema, na anayetaka karatasi huwezi kumpa kiu. Mimi sikubali kwamba kiu haipo. Kenya imejulikana duniani kwa vijana wake wanaoandika insha za vyuo kwa niaba ya wanafunzi wa Marekani na Uingereza, biashara ambayo filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka wa 2024, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, iliichunguza kwa makini. Kazi hiyo ni udanganyifu na siitetei. Lakini itazame kama ushahidi. Hapa kuna vijana wanaoweza, usiku mmoja, kuisoma mada wasiyowahi kufundishwa, kutafuta marejeo na kuandika kurasa kumi zenye mpangilio, kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayengoja, atakayeisoma na kutoa jibu siku inayofuata. Uwezo na bidii vipo. Linganisha na kazi ya nyumbani ambayo kijana huyo huyo ameikabidhi kwa mhadhiri wake na haikurudi kamwe. Tofauti moja ni pesa, na hiyo siikani. Tofauti ya pili ni msomaji, na hiyo iko mikononi mwa chuo.

Kwa mwanafunzi ambaye hakuichagua kozi yake, nina maneno mawili. Kama unajua kweli kwamba umekosea njia, KUCCPS hufungua dirisha la kuhama. Lifuatilie mapema, kwa kuwa kila muhula unaopita unakufunga zaidi. Kama dirisha limefungwa, usingoje kuipenda kozi ndipo uisome, maana kwa watu wengi mapenzi hufuata ujuzi. Chagua swali moja ndani ya kozi hiyo linalogusa jambo unalolijua tayari, liwe la mahindi ya shambani kwenu, la wakimbiaji wanaojaa barabara ya Iten kila alfajiri, la bei za vyumba hapa mtaani, na umpelekee mhadhiri. Usimwambie umechoshwa na kozi. Mwambie umejaribu kulitumia somo lake kwenye jambo hili na umekwama hapa. Mtu aliyetumia miaka yake kwenye taaluma fulani ni vigumu sana alipuuze swali la namna hiyo.

Hilo linanileta kwa wanafunzi wote. Msijidharau kwa kudhani kwamba mwenye mamlaka peke yake ndiye awezaye kulibadilisha darasa. Wahadhiri wa jaribio la Klein walibadilishwa na wanafunzi, tena bila kujua. Anzeni na vitu vinavyoonekana. Watu watano wakubaliane kukaa safu ya pili kila kipindi. Siku moja kabla ya somo, mwakilishi wa darasa amtumie mhadhiri maswali mawili yaliyotoka kwenye usomaji, yakitaja ukurasa. Mkienda ofisini, nendeni watatu, mkiwa na kazi mliyoijaribu kwenye karatasi, hata kama imekosewa. Kumwambia mhadhiri kwamba hamkuelewa chochote kunamrudisha mwanzo, lakini kumwonyesha mstari mlipokwama kunampa mahali pa kushika. Mfano wake ukiwafungua akili, mwambieni mfano gani na kwa nini. Acheni kusainia wasiokuwepo. Najua hufanywa kwa urafiki, lakini kile kitabu cha mahudhurio chenye majina mia na hamsini mbele ya ukumbi wenye watu sitini kinamwambia mhadhiri, kila wiki, kwamba darasa zima liko tayari kumdanganya. Baada ya hapo msishangae akiwapa mtihani unaopima kukariri, na mtihani wa kukariri ndio unaolisha mwakenya, vile vikaratasi vya kunakilia majibu.

Kwa wahadhiri, kama kuna jambo moja tu mtakalolichukua hapa, liwe CAT ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la muhula. Katika vyuo vyetu vingi majaribio ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na karatasi za majaribio hayo mara nyingi hurudi siku ya mwisho, au hazirudi kabisa. Mwanafunzi huona tarakimu tu. Toeni CAT ya kwanza mapema, fupi, ya maswali mawili, na muirudishe ndani ya wiki mbili. Mwenye wanafunzi arobaini aandike sentensi moja juu ya kila karatasi, inayotaja kitu kilichomo humo, kwa mfano kwamba hesabu ni sahihi lakini kipimo kimesahaulika, au kwamba hoja ya aya ya pili ndiyo iliyopaswa kutangulia. Mwenye mia tatu asijaribu hilo. Aandike ukurasa mmoja kuhusu makosa matatu yaliyojirudia na jibu moja zuri lisilotaja jina, aupitie darasani kwa dakika ishirini. Kwa mwanafunzi, hiyo ndiyo mara ya kwanza anajua kwamba kuna mtu alisoma. Na katika kipindi cha kwanza cha muhula, kabla ya kutaja vitabu na kanuni za mahudhurio, mhadhiri aeleze kwa dakika tano ni swali gani ndani ya taaluma yake bado linamsumbua yeye mwenyewe. Lile jaribio la piano ndilo msingi wa ushauri huu: kwa sababu wanafunzi watakisia tu sababu yako ya kuwa hapo, afadhali uwape ile ya kweli.

Wapo watakaosema huku ni kubembelezana, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mhadhiri akishangiliwa atalegea, na mwanafunzi akichekewa atadai alama za bure. Hatari hiyo ipo pale ambapo kinachobadilishana mikono ni sifa. Ninachokitetea ni kazi inayoonekana. Kumwambia mhadhiri ni mfano gani uliofaa kunamfundisha kufundisha. Kumwambia yeye ni bora kuliko wote hakumfundishi chochote. Vivyo hivyo, alama ya bure ni ishara, na mwanafunzi huisoma sawasawa: mhadhiri huyu hakuisoma kazi yangu. Ukali wa kusahihisha haujawahi kuua ari ya darasa ambalo limeona kwamba kila kosa lilisomwa. Kinachoua ari ni alama ya D isiyo na neno lolote pembeni, na A isiyo na neno pia.

Upo mzigo ambao si wa mhadhiri mmoja wala wa mwanafunzi mmoja, na idara isiukwepe. Alama zinazopotea ni janga linalojulikana katika vyuo vingi vya umma nchini: mwanafunzi amefanya mtihani, jina lake lipo, alama haipo, naye anazunguka kutoka kwa katibu hadi kwa mratibu hadi kwa mhadhiri aliyehamia chuo kingine, wakati mwingine mpaka orodha ya kufuzu inachapishwa bila jina lake. Hakuna hotuba ya motisha inayoweza kushindana na somo ambalo mzunguko huo humfundisha. Mwanafunzi ajilinde kwa kuhifadhi kila karatasi ya CAT na picha yake, na kuulizia alama mwanzoni mwa muhula unaofuata, asingoje mwaka wa nne. Idara nayo iweke siku moja, wiki mbili baada ya muhula kufunguliwa, ambapo kila mwanafunzi ataziona alama zake zote na kupinga iliyokosekana mbele ya mtu mmoja mwenye jukumu. Vilevile mhadhiri wa muda alipwe kabla ya kupewa darasa jingine. Idara inayomwita tena mtu ambaye bado haijamlipa inajua vizuri ni ari ya namna gani itakayoingia darasani.

Limebaki la tathmini. Vyuo vingi huwapa wanafunzi fomu ya kumtathmini mhadhiri mwishoni mwa muhula, wakati ambapo waliojaza hawatanufaika tena na walichokiandika, na wanalijua hilo, kwa hiyo hujaza vyovyote. Mhadhiri anaweza kufanya yake bila kungoja kibali cha mtu. Wiki ya tano, dakika saba kabla ya kipindi kwisha, kila mmoja achukue nusu karatasi isiyo na jina na kuandika mambo matatu: ni kitu gani darasani kinamsaidia kuelewa, ni kipi kinamzuia, na yeye mwenyewe amefanya nini wiki hii nje ya ukumbi kwa ajili ya kozi hii. Swali la tatu lisiachwe, kwa sababu ndilo linalowafanya wanafunzi wajipime kwa mizani ile ile wanayompimia mhadhiri. Mwakilishi azikusanye, mhadhiri azisome jioni hiyo hiyo, na kipindi kinachofuata kianze kwa yeye kutaja jambo moja atakalolibadilisha, jambo moja ambalo hatalibadilisha na sababu yake, na idadi ya waliokiri kwamba wiki hiyo hawakufungua kitabu.